Mwenye Kofia na Punje Tatu

Kucheza peke yako kuna taabu moja ambayo hakuna anayekuambia mapema: ni kama kujitekenya. Unajua kidole kinakwenda wapi, kwa hiyo hucheki. Niliijua taabu hiyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, katika mtaa wa Bwiza, ndani ya nyumba ya vyumba viwili iliyofungwa kwa kufuli kutoka nje.

Kufuli lilikuwa la mama. Alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali kule Rohero, na ofisi hiyo, vita au si vita, ilimtaka awe kwenye kiti chake asubuhi na mapema. Shule yetu ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, mwishowe tukaacha kuuliza. Baba alikuwa amefariki siku nyingi, kwa ugonjwa wa kawaida, kabla watu hawajaanza kufa kwa mambo mengine. Kwa hiyo kila siku mama aliniachia uji, ungo wa maharagwe ya kuchambua, na amri mbili: nisifungue dirisha la upande wa barabara, na nisipige kelele, ili anayepita aone kufuli na aamini kwamba nyumba haina mtu. Majirani walikuwepo, lakini mama aliamini kufuli kuliko watu, na mwaka ule hakuwa peke yake.

Mimi si mtu wa kukaa kimya. Waliokua nami watakuambia, na hutalazimika kuwauliza mara mbili. Siku za kwanza nililia, tena kwa hasira, si kwa woga. Nilipiga mto ngumi. Nilihesabu misumari ya bati. Nilijisimulia hadithi, lakini kila hadithi niliijua mwisho wake kabla sijaianza, kwa kuwa aliyeitunga na aliyeisikiliza walikuwa kichwa kimoja.

Mchezo ulianzia kwenye ungo. Nilikuwa nikitenga mawe na maharagwe, punje moja ikaruka, ikaangukia karatasi niliyokuwa nimechora nyumba. Karatasi zilitoka ofisini kwa mama. Mkubwa wake hakuvumilia kosa hata moja, kwa hiyo barua zilizokosewa zilikuja kwetu: upande mmoja Kifaransa cha "Monsieur le Directeur", upande wa pili mweupe, wangu. Punje ikakaa karibu na mlango wa nyumba ya wino. Nikaitazama, nikajiuliza: huyu ni nani, na anawatakia nini watu wa ndani? Sikujua. Na kule kutojua, jamani, kulikuwa kutamu.

Tangu hapo nikaanza kutafuta namna ya kujishangaza kwa makusudi. Jaribio la kwanza lilikuwa kopo la mama la vitu vya kushonea. Nilifumba macho, nikaingiza mkono, na chochote nilichotoa kilipaswa kuingia katika hadithi: kifungo kikawa mtoto, ufunguo ukawa siri, kipande cha chaki kikawa padri. Kwa siku mbili nilifurahi. Siku ya tatu nikagundua kwamba vidole vyangu ni wezi. Vilikuwa vimeshajua ufunguo uko upande gani na kifungo kikubwa kina matundu mangapi, na nikitaka mtoto aingie, basi mtoto aliingia. Nilijigombeza kwa sauti ya mama, nikalifunga kopo. Nilibakiza kitu kimoja tu, ile kofia ndogo ya chuma ambayo mshonaji huvaa kidoleni ili sindano isimchome. Niliisimamisha juu ya karatasi, ikaonekana kama mtu mfupi aliyefunikwa na kofia mpaka mabegani, anayekwenda mahali. Nikamwita Mwenye Kofia.

Sasa nilihitaji wa kumpinga Mwenye Kofia, na huyo asiwe mimi. Nikarudi kwenye maharagwe. Maharagwe tuliyonunua yalikuja yamechanganyika, mekundu na meupe. Kila asubuhi nilitikisa punje tatu kwenye kikombe cha bati na kuzimwaga juu ya mchoro. Mwanzoni niliamua kwamba nyeupe ni heri na nyekundu ni shari. Mchezo ule ulikufa siku hiyo hiyo. Heri na shari hazina swali ndani yake. Ukishaambiwa "shari" unabaki umekaa tu. Nilifikiri kutwa nzima, uji ukafanya ngozi juu, mpaka nikapata: nyeupe, kuna mtu anaingia, nyekundu, kuna mtu anatoka. Ni nani na kwa nini, hiyo ilikuwa kazi yangu kuitafuta. Hapo mchezo ukaamka.

Sheria nyingine zilikuja moja moja, kila moja baada ya ugomvi kati yangu na mimi. Punje ikilala juu ya mstari, chora mlango hapo, hata kama ni katikati ya ziwa. Ikitoka nje ya karatasi, jambo hilo halijulikani, usiligusie siku hiyo. Hakuna kufuta, maana kalamu ilikuwa ya wino na mama hakuwa na nyingine. Vyombo vya jikoni vilikuwa nchi. Kifuniko cha sufuria kikawa ziwa, mwiko ukawa daraja, kibiriti kikawa bariyeri ya wanajeshi, kwa sababu sikukumbuka barabara isiyo na bariyeri na nilidhani kila nchi inazo. Sheria ya mwisho ndiyo iliyoniponza: kila zamu ikiisha, sema sentensi moja kwa mdomo. Niliiweka kwa sababu niligundua kwamba nikiwaza tu, hadithi inateleza. Nikiisema, sikio langu huipokea kama habari iliyotoka kwa mtu mwingine.

Jioni mama aliporudi, kabla ya saa ya watu wote kuwa ndani, maharagwe yaliingia sufuriani na tuliwala walioingia na waliotoka, wote pamoja. Mara moja aliinua mchoro, akauliza ninamwandikia nani barua ndefu namna hii. Nikamwambia ninacheza. Akasema nicheze polepole, wino haununuliwi kwa nyimbo.

Nyumba za ua wetu zilipangwa mstari mmoja chini ya bati moja, na kuta za kugawa hazikufika juu. Ulimsikia jirani akipiga chafya, ukamwambia "afya" bila kuinuka kitandani. Upande wa pili alikaa mama mmoja wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge sokoni, ambaye watoto wote wa ua tulimwita Tantine, yaani shangazi. Asubuhi alikwenda sokoni, saa sita alirudi, kwa kuwa mchana wateja hawakuwepo tena. Mume wake alikuwa dereva wa lori. Alikuwa ameondoka kupeleka sabuni na chumvi mji wa Ngozi, safari ya siku mbili, na sasa ulikuwa mwezi wa pili. Hakuna aliyemwona yeye, wala lori.

Tantine alikuwa akifunga kula kwa ajili yake, na mara mbili kwa wiki alikwenda kwenye chumba cha maombi, nyuma ya baa moja humo humo Bwiza. Wanawake walisali pale kwa sauti, na mara kwa mara binti mmoja alianguka chini akasema alichoonyeshwa: fulani yu hai, fulani asisafiri wiki hii. Watu wa vyumba vile waliwaamini sana mabinti wadogo, hasa waliokaa peke yao na kunyamaza. Hayo yote niliyajua, kila mtoto wa Bwiza aliyajua. Sikuyaunganisha na mimi hata kidogo.

Mchana mmoja punje nyekundu iliangukia karibu na kibiriti. Nikanong'ona sentensi yangu: "Mwenye Kofia amefika kwenye bariyeri. Hana karatasi." Upande wa pili Tantine alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukanyamaza.

"Akafanya nini?" akauliza juu ya ukuta.

Nilijiziba mdomo. Nilikuwa nimevunja amri ya mama ya kunyamaza, na sasa kuna shahidi. Lakini swali lilikuwa zuri, na mimi swali zuri huniponyoka mkononi kama sabuni, lazima nilikimbilie. Nikajibu kwamba bado sijajua. Akaniambia nikijua nimwambie, na mchi ukaendelea, taratibu zaidi.

Mtoto mwenye akili angejiuliza mtu mzima anataka nini katika jambo hili. Mimi niliruka peke yangu chumbani kwa furaha. Nilikuwa nimepata mchezaji wa pili! Na mchezaji gani. Tangu siku hiyo kila alasiri aliuliza, na maswali yake yaliyashinda yangu yote. Mwenye Kofia analala wapi? Anakula nini? Miguu yake ikoje? Kuna mtu anayemjua huko? Mimi nilikuwa nimempeleka ng'ambo ya maziwa na milima bila kumlisha hata siku moja. Nikaona haya, nikaongeza sheria ya chakula: punje mbili zikigusana, amepata kula. Nikaongeza ya viatu. Nilibandika karatasi mpya kwa uji mzito mpaka nchi yangu ikajaa chini ya meza yote, na kila nilichokiona kule nilimpelekea juu ya ukuta kwa sentensi moja, naye alinyamaza kidogo kabla ya kuuliza tena.

Akaanza kunipitishia vitu kwenye dirisha la uani: andazi, avoka, siku moja ndagala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga katika kipande cha gazeti. Nikadhani ni kwa kuwa ninasimulia vizuri. Nilivimba kichwa. Nilifikia kumwambia mama kwamba Tantine anajua mambo ya mchezo kuliko yeye, nikapigwa jicho.

Kisha alasiri moja hakuuliza juu ya ukuta. Alikuja mwenyewe dirishani. Uso wake ulikuwa umekonda kwa kufunga, na alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Mutoto wangu, kaka yangu anakuja kesho na kamioneti. Anasema tuvuke Uvira, hapa kunaharibika. Nikienda, bwana yangu akirudi atakuta mulango imefungwa. Nikibaki, mi sijui kama nitafika mwisho wa mwezi. We unaonaka. Uniambie: anarudi ao harudi?"

Ndipo nikaelewa. Maandazi, maswali, ule ukimya kabla ya kila swali, vyote vikajipanga mbele yangu. Kwa wiki kadhaa mama huyu alikuwa akiniuliza habari za mume wake, na mimi nilikuwa nikimjibu.

Nikamwambia hapana, ni mchezo. Nikamwonyesha kikombe, nikamwonyesha maharagwe, nikapitisha ile kofia ya kushonea katikati ya nondo ili aishike. Aliigeuza kiganjani muda mrefu. Akasema kwa upole kwamba Mungu hutumia kile anachokikuta nyumbani kwa mtu. Akanirudishia, akaniambia nitupe.

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa, na jibu linaniaibisha: nilitaka kuona. Hata wakati ule nilitaka kujua punje itaanguka wapi. Nikapiga magoti chini ya meza, mahali ambapo yeye dirishani hakuweza kuona, nikatikisa kikombe na kuachia punje moja tu.

Ilikuwa nyeupe. Iliangukia katikati ya nyumba, ile nyumba ya kwanza niliyoichora, ikatulia. Kwa sheria zangu hapakuwa na ubishi. Kuna mtu anaingia nyumbani.

Nilitaka kulisema. Nilitaka abaki, na sitajificha nyuma ya maneno mazuri: haikuwa kwa ajili ya mume wake. Nilitaka ile sauti iendelee kuniuliza upande wa pili wa ukuta. Neno moja tu, na kesho kamioneti ingeondoka bila yeye. Nikaitazama tena ile punje. Siku zote nilikuwa nimeichukulia kama mtu anayejua nisichokijua, na sasa nikaona ni harage, lina kovu dogo jeupe pembeni, na jioni ile tungelila na chumvi. Kama angebaki kwa sababu ya harage, na nyumba zetu zikafikiwa na yaliyofikia nyumba nyingine, kosa lingekuwa langu.

"Imetoka inje ya karatasi, Tantine," nikasema. "Mi sijui."

Aliachia nondo za dirisha. Kisha akasema "Basi," akanishukuru kana kwamba nilimpa kitu, akaenda kufunga vyombo vyake. Kesho yake asubuhi, mama akiwa ameshakwenda kazini, nilichungulia kwenye ufa wa dirisha la barabara nikaona magodoro na marobota ya vitenge yakipakiwa. Hakugeuka kutazama upande wangu.

Sikucheza tena siku zile. Nyumba ilikuwa kimya mpaka masikio yaliniuma, na katika ukimya ule nilikuwa na swali moja lisilo na adabu, lililonifuata hata kwenye sala: ile punje ilisema kweli au ilisema uongo? Nilijichukia kwa kuuliza. Niliendelea kuuliza.

Siku ya tisa, alasiri, hatua zikasimama mlango wa pili. Mkono ukatikisa kufuli. Sauti ya mwanaume ikamwita Tantine mara mbili, mara ya pili kwa kunong'ona. Nikafungua dirisha la uani, na aliyekuwa amesimama pale alikuwa mume wake, amekonda kama fimbo, miguuni ana kandambili zisizolingana.

Nilimwambia pale pale, kabla hata ya salamu, kwamba Tantine yuko Uvira kwa kaka yake, na hii ni siku ya tisa. Akatikisa kichwa, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wake. Nikampitishia maji katika kile kikombe cha bati. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kumuuliza. Ulilala wapi? Ulikula nini? Miguu yako ikoje? Akajibu yote bila kuchoka, labda alifurahi kuwa kuna anayeuliza. Lori lilichomwa njiani. Yeye alikimbilia parokia moja mlimani, akashikwa na malaria, akalala wiki nyingi katika ghala la mapadri katikati ya magunia ya mbegu, bila njia ya kutuma habari. Alipoweza kusimama, akatembea. Hapakuwa na ziwa, wala daraja, wala mtu aliyemjua. Kati ya yote niliyomwambia mke wake, sikuwa nimebahatisha hata moja, ila lile moja nililolificha.

Niliumia, na maumivu yale sikuwa na mahali pa kuyaweka. Nilingoja aniulize kwa nini mke wake hakumngoja. Hakuniuliza hilo. Alimaliza maji, akafuta mdomo, akauliza kitu kingine.

"Koti yangu nyeusi, ile ya ndoa. Aliibeba ao aliacha?"

Nilijua anauliza nini. Kwetu nguo za mwanaume hutunzwa maadamu anangojwa, mke akihama huenda nazo, na hakuna anayezivaa. Siku atakapohesabiwa kuwa amekufa, hutolewa, na wanaume wa familia huzivaa. Nikakumbuka asubuhi ile ya kamioneti, kaka yake Tantine akibeba magodoro kichwani katika jua kali, amevaa koti jeusi la sherehe, mikono ya koti imemfupia, jasho linamtiririka. Nilikuwa nimeshangaa mtu anapakiaje mizigo na koti. Sasa sikushangaa tena. Nilikuwa nimemwambia mama yule sijui, naye usiku ule ule alikuwa amelitoa koti kwenye msumari akampa kaka yake.

"Alibeba," nikamjibu. "Niliona koti inaingia mu gari."

Hapakuwa na neno la uongo. Alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, na alipoviondoa alikuwa anacheka.

"Basi ananingoja," akasema.

Nilimwambia asubiri, mama atakuja na ufunguo, atampa chakula, atalala kwetu. Hakusikia. Alitaka kufika Gatumba, njia ya kwenda Uvira, kabla mpaka haujafungwa. Akanirudishia kikombe, akashukuru, akavuka ua kwa haraka na zile kandambili zake mbili. Kutoka mlango wake mpaka lango la ua ni hatua kama thelathini, na katika hatua zote zile ningeweza kumwita. Sikumwita.